Liemba: meli iliyopita Tabora ndani ya masanduku

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, meli nzima ilipita Tabora bila kugusa maji. Ilikuwa juu ya mabehewa ya treni, imefunguliwa vipande vipande na kufungashwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikielekea Ziwa Tanganyika. Leo tunaiita Liemba.

Njia ambayo meli hiyo ilipitia ni kongwe kuliko reli. Karne ya 19 nchi ya Unyanyembe, ambamo Tabora ipo leo na ambayo watemi wake walikuwa na makao Itetemia, ndiyo iliyokuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipumzika hapa mwaka 1857. Mmisionari na mpelelezi Livingstone aliishi Kwihara, karibu na Tabora, kwa miezi kadhaa mwaka 1872. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, iwe pembe za ndovu au majora ya nguo. Kwa mizigo ya kiasi hicho, meli yenye urefu wa mita 71 isingefika ziwani.

Ilibidi reli itangulie. Kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt iliifikisha Reli ya Kati Tabora mwaka 1912, na Kigoma, kando ya ziwa, mapema mwaka 1914.

Kiwanda cha Papenburg

Waliounda meli hiyo ni Meyer Werft wa Papenburg, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, karibu na mto Ems. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1795 kikiunda meli za mbao, na mwaka 1872 Joseph Lambert Meyer akakielekeza kwenye meli za chuma na mvuke. Wakati majirani zake waling'ang'ania mbao hadi wakafunga, yeye alipata kazi.

Kazi ya mwaka 1913 ilikuwa ya aina yake: unda meli, ifungue, kisha ikaundwe upya Afrika. Mafundi wa Papenburg waliiunganisha kwa bolti ili kuhakikisha kila kipande kinakaa mahali pake, wakaifungua, wakaipakia. Watatu kati yao, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walisafiri pamoja na mzigo. Kigoma, wao na vibarua wenyeji waliyaunganisha mabamba moja baada ya jingine, safari hii kwa ribiti.

Meli iliingia majini Februari 1915, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vikiwa vimeshaanza, ikapewa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ikafungwa mzinga wa manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji Julai mwaka huohuo. Mzinga nao ulipanda treni kwa njia hiyohiyo ya Tabora.

Grisi iliyookoa injini

Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wanakaribia Kigoma kutoka Kongo. Amri ikatoka meli izamishwe. Mafundi waliipaka injini grisi nzito kila mahali, wakajaza mchanga ndani ya meli, kisha tarehe 26 Julai wakaizamisha taratibu. Hivyo ndivyo anavyofanya fundi anayetarajia kurudi. Hawakurudi kuichukua. Miezi miwili baadaye, tarehe 19 Septemba, Tabora nayo ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji.

Wabelgiji waliiibua, ikazama tena mwaka 1920. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na walipoifungua wakakuta mitambo bado inafaa. Mwaka 1927 ilianza safari kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa ambalo Livingstone aliliandika. Mvuke uliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970, ilipowekewa injini za dizeli.

Tangu hapo imebeba mchele, dagaa, mananasi, maharusi na wagonjwa. Mwaka 1997 ilirudisha Kongo makumi ya maelfu ya wakimbizi. Mwaka 2015 ikawachukua Warundi waliokuwa wamekwama ufukweni Kagunga na kuwapeleka Kigoma. Katika vijiji vingi visivyo na gati, ilikuwa ikitia nanga mbali kidogo na mitumbwi ndiyo iliyoifuata kuchukua abiria.

Papenburg nako mambo yamebadilika. Meyer Werft iligeukia meli kubwa za kitalii, ikaingia kwenye madeni, na mwaka 2024 serikali ya Ujerumani pamoja na jimbo la Niedersachsen zikachukua takriban asilimia 80 ya hisa ili isife.

Kwa hiyo anayeisifu Liemba kama ushahidi wa ubora wa Wajerumani anasema nusu ya habari. Papenburg iliiunda mara moja. Kigoma imeiunda, imeiibua na kuitengeneza mara kadhaa, kwa mikono ya vibarua ambao majina yao hayamo vitabuni. Wakati meli inapofanyiwa ukarabati mwingine, orodha ya mafundi wake wa leo inastahili kuandikwa mapema.