Kutoka Macharanga Hadi Ikulu: Sauti, Kazi na Njia ya Misafara



Kila tunapokutana hapa Tabora, tukishapeana mikono na kuchekana kwa vipara na vitambi, swali linalofuata huwa moja: "Siku hizi uko wapi?" Hapo ndipo mambo yanapojulikana. Yule aliyesomea kilimo anauza dawa za binadamu. Aliyekuwa mwalimu ni mwanasheria. Wengine hujibu kwa sauti ndogo, kana kwamba kubadili kazi ni kosa la kuombea radhi. Makala haya nayaandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya vijana wanaodhani kwamba kazi ya kwanza ni ndoa ya Kikristo.

Mfano wangu ni marehemu Ndugu Charles Hilary. Simleti hapa kama mhitimu wa shule yetu, namleta kama mtu ambaye sauti yake ilifika mahali ambapo miguu yake haikulazimika kufika. Wenye umri wangu na wakubwa wetu wanamkumbuka tangu Radio Tanzania Dar es Salaam, miaka ya 1980, alipokuwa miongoni mwa watangazaji wa mpira waliomfanya mtu aliyeko mbali na uwanja aone goli kwa masikio. Radio One ilipoanzishwa mwaka 1994, alikuwa katika kundi lililoipa redio hiyo jina. Huko ndiko alikopata lakabu ambayo hakuna cheo kilichoweza kuifuta: Mzee wa Macharanga.

Lakabu hiyo aliipata kwa kipindi chake cha muziki wa charanga, ule wenye asili ya Kuba. Nilikisikia kwa mara ya kwanza nikiwa likizo kwa mjomba wangu Dar es Salaam, nikiwa bado mwanafunzi wa shule hii. Jambo lililonishika halikuwa muziki peke yake. Mjomba alikuwa mtu mkali, asiyependa kelele, lakini kipindi kile kilipoanza alikaa kimya kama aliyetembelewa na mgeni wa heshima. Mtangazaji hakupiga makelele. Alizungumza kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha pili pale barazani, akaweka santuri, akanyamaza, akarudi. Nilitoka hapo nikiwa nimeamua kuwa mtangazaji.

Sikuwa. Nilimaliza chuo kikuu, nikaajiriwa serikalini, na humo ndimo nilimo hata leo.

Yeye aliendelea na safari. Alikwenda Ujerumani kutangaza Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, kisha London katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, halafu akarudi nyumbani kufanya kazi Azam. Baadaye, katika serikali ya Rais Hussein Mwinyi, akawa Mkurugenzi wa Mawasiliano Ikulu ya Zanzibar, na kisha msemaji mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Alifariki dunia tarehe 11 Mei 2025. Magazeti yalipoandika habari za msiba huo yalitaja cheo chake, lakini watu mitaani walisema tu kwamba Mzee wa Macharanga ametutoka.

Hakuwa peke yake katika njia hiyo. Marehemu Sarah Dumba naye alitoka katika utangazaji wa Radio Tanzania akawa Mkuu wa Wilaya, na alikuwa akiiongoza Njombe alipofariki mwaka 2016. Basi yafaa tujiulize: Serikali inapomchukua mtu kutoka kwenye kipaza sauti, inachukua nini hasa? Je, ni ufasaha tu wa lugha?

Ili kulijibu swali hili, niruhusuni niwarudishe kwenye barabara iliyopita karibu na mabweni yetu miaka mingi kabla ya shule hii kufunguliwa mwaka 1925.

Tunajua kwamba Tabora, ambayo wasafiri wa zamani waliiita Kaze, ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka pwani ya Bagamoyo watu walipita Ugogo hadi Unyanyembe. Kutoka hapa wengine walishika njia ya Ujiji na wengine ya kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakaingia hapa tarehe 7 Novemba. Walitumia zaidi ya miezi minne kwa safari ambayo leo basi huimaliza kwa siku moja. Njia ile ilibeba pembe za ndovu, nguo na shanga. Ilibeba pia watumwa waliofungwa minyororo, na haifai kuisimulia kana kwamba ilikuwa matembezi ya nyimbo tu.

Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, waliofanya kazi kwa ujira na kujivunia kazi hiyo. Mbele yao alitembea kirangozi. Alivaa nguo nyekundu na mapambo ya kichwani, akashika bendera, na hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Aliijua njia, visima na wakubwa wa nchi wanaodai hongo. Alianzisha wimbo, na mstari mzima wa wapagazi ukaitikia. Tena katika misafara ya Wanyamwezi, kwa kawaida wapagazi wenyewe ndio waliomkubali kirangozi wao. Mwenye mali aliweza kulipa mishahara, lakini hakuweza kuwalazimisha watu waitikie wimbo wa mtu wasiyemwamini.

Misafara hiyo ilisafirisha kitu kingine kisichokuwa na uzito wowote begani, nacho ni Kiswahili. Lugha ya pwani ilitembea na mizigo hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, lugha iliyohitajika ilikuwa imekwishatangulia huku bara. Redio ilipita juu ya njia ambayo miguu ya wapagazi ilikwisha kuilima. Na haikuwa njia ya kwenda tu: Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi za mji huu huu, zilisikika nchi nzima kwa redio hiyo hiyo.

Wanyamwezi nao walibadili kazi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukakosa soko. Aliyekuwa akibeba pembe akawa kibarua wa reli au wa mashamba ya mkonge. Mzigo ulibadilika, lakini ustahimilivu wa safari ndefu alikwenda nao.

Sasa niwasimulie aibu yangu mwenyewe. Miaka michache baada ya kuajiriwa nilitumwa katika kijiji kimoja cha mkoa huu kueleza waraka kuhusu michango ya mradi wa maji. Nilisimama chini ya mwembe, nikausoma waraka wote, kifungu kwa kifungu. Nilipomaliza hakuna aliyeuliza swali. Nikadhani nimeeleweka. Wakati wa kuondoka mzee mmoja alinishika mkono akasema: "Mwanangu, umekuja na karatasi. Karatasi ungetutumia, tungeisoma wenyewe." Michango haikutolewa, na mradi ule ukachelewa sana. Kina mama wa kijiji kile waliendelea kwenda mtoni kwa sababu mimi, msomi, sikujua kuzungumza na watu.

Nilipokuwa njiani kurudi nilimkumbuka yule mtangazaji wa mjomba. Msikilizaji wa redio hashurutishwi na mtu. Akichoka anazungusha kitufe, na mtangazaji hatajua kamwe kwamba ameachwa. Kwa hiyo mtangazaji mzuri hujifunza kila siku kuomba kibali cha kusikilizwa. Sisi wa ofisini hatuombi. Tunadhani cheo kimetuombea. Watu wanakaa mkutanoni kwa heshima, lakini mioyoni wamekwisha kuzungusha kitufe.

Nilirudi kijijini pale baada ya miezi kadhaa. Niliiacha karatasi garini, nikawaamkia kwa "Mwangaluka", nikauliza kwanza ni nani anayechota maji mbali kuliko wote. Tulizungumza mpaka jua likapinda. Sisemi kwamba nimekuwa hodari. Nasema nilijifunza kwa mcheza santuri jambo ambalo waraka haukunifundisha.

Jibu langu basi ni hili. Serikali inapomteua mtu wa namna ya Charles Hilary, inaazima imani ambayo wasikilizaji walimpa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Rais anaweza kumteua msemaji, lakini hawezi kumteulia wasikilizaji. Na azima ina masharti yake: anayeitumia kusema yasiyo kweli huimaliza mara moja, na hairudi. Ndiyo maana kazi ya msemaji ni nzito kuliko ya kipindi cha muziki. Wimbo mbaya hauleti madhara makubwa. Tangazo la uongo humpotosha mtu na mzigo wake begani, kama kirangozi anayewapeleka wenzake kwenye kisima kikavu.

Shule yetu imewaona wengi waliohama kazi. Rashidi Kawawa alicheza filamu ya *Muhogo Mchungu* kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Julius Nyerere aliacha ualimu mwaka 1955 ili aongoze TANU; akawa Waziri Mkuu, akawa Rais, na hata leo tunamwita Mwalimu. Kazi aliiacha lakini jina halikumwacha, kwa kuwa aliendelea kufundisha hata alipokuwa jukwaani. Vivyo hivyo Mzee wa Macharanga aliingia Ikulu na macharanga yake.

Kwa hiyo, ndugu uliyebadili kazi, usijibu kwa sauti ndogo tutakapokuulizana mwaka huu. Tuambie ulichotoka nacho huko. Na wewe kijana, kazi utakayoianza huenda ikafa kama upagazi ulivyokufa siku garimoshi lilipopiga honi Tabora. Ifanye vizuri hata hivyo. Mzigo utautua, lakini namna uliyojifunza kutembea na wenzako utaondoka nayo, nao ndio watakaosema kama wewe ni wa kufuatwa.