« Demain », « lendemain », « dans huit jours »: Kifaransa kinahesabu siku namna gani?

Mashariki mwa Congo, karatasi nyingi za tribinali, za lopitali na za masomo zinaandikwa mu Kifaransa. Mwenye kuchanganya siku anaweza kufika wakati mambo imekwisha.

« Demain » ni kesho, « après-demain » ni kesho kutwa. Lakini « le lendemain » haihesabiwi kuanzia leo: ni siku inayofuata ile iliyotajwa. Kama karatasi inasema tarehe 4 « et le lendemain », ni tarehe 5.

« Dans huit jours » ni juma moja, hata kama « huit » ni nane, juu siku ya leo inahesabiwa pia. Vilevile « quinze jours » ni majuma mbili. « Lundi en huit » si siku ya kwanza inayokuja, ni ile ingine ya nyuma yake.

« Dans trois jours » ni kiisha siku tatu. « D'ici trois jours » ni mbele siku tatu ziishe.

Kama ingali na mashaka, heri kuomba mwenye kutoa karatasi aandike tarehe yenyewe pembeni.