Chura, Jeni 24 na Bwana Takahashi

Nafundisha baiolojia sekondari. Tukifika kwenye seli shina, darasa zima hunitajia jina moja tu: Yamanaka. Nami huwarudisha kwanza kwa chura.

Mwaka 1962, John Gurdon wa Oxford alitoa kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakipandikiza ndani ya yai ambalo kiini chake kilikuwa kimeuliwa kwa mionzi. Mengi ya mayai hayo yaliharibika. Machache yakawa viluwiluwi wazima. Maana yake, seli ya utumbo haikuwa imepoteza maagizo ya kujenga mwili mzima, ila ilikuwa imeyafungia. Chura mwenyewe, Xenopus, kwao ni Afrika, jambo ambalo vitabu vyetu hulipita kimya. Na walimu wenzangu nawakumbusha: ripoti ya Gurdon ya shule, mwaka 1949, ilisema ndoto yake ya kuwa mwanasayansi ni upuuzi. Aliitia kwenye fremu. Tuchunge kalamu zetu.

Shinya Yamanaka alizaliwa mwaka huohuo wa 1962. Aliacha upasuaji wa mifupa akaingia maabara, na kufikia Kyoto alikuwa na orodha ya jeni 24 alizozishuku kuwa ndizo zinazoifanya seli changa ibaki changa. Zikatiwa mojamoja katika seli za panya zilizokwisha komaa: kimya. Hapo ndipo Kazutoshi Takahashi, kijana wa maabara yake, alipozimimina zote 24 kwa pamoja, na seli zikageuka, zikarudi kuwa changa kama seli shina. Kisha akaanza kupunguza. Alitengeneza michanganyiko ya jeni 23, kila mmoja ukikosa jeni moja tofauti, akaangalia ni upungufu upi unaoharibu kazi. Zikabaki 10, hatimaye 4: Oct3/4, Sox2, Klf4 na c-Myc. Hakuna yai lililohitajika, wala kiinitete. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na mwaka uliofuata zikageuzwa seli za ngozi ya binadamu.

Kasoro ilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwani c-Myc ni jeni inayojulikana kwa kuchochea saratani. Watafiti wamehangaika nayo sana tangu hapo.

Nobeli ya Tiba ya 2012 walipewa Gurdon na Yamanaka. Walistahili. Lakini mtu anayesimulia jeni hizo nne bila kumtaja Takahashi amesimulia nusu, na katika mtihani wangu nampa nusu ya alama.