Aprili ya Baltimore

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Methali tamu hii, na kila shabiki huishika mkononi msimu unapoanza. Timu ikishinda mechi tatu za kwanza, basi, nyota imeonekana, watu waanze kukodi matarumbeta. Ikifungwa tatu, jamaa wanataka kichwa cha kocha. Mimi ni mpenzi wa besiboli, na katika mchezo huo ipo historia moja inayoibana methali yetu mpaka inatoka jasho. Ni historia ya Baltimore Orioles, mwaka 1988.

Kwa wewe uliyekulia kwenye kandanda, ngoja kwanza nikueleze jambo moja, maana bila hilo hutanielewa. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, tangu majani yanapoanza kuchipua mpaka mwisho wa Septemba. Bingwa mwenyewe anaweza kufungwa mara 60 na bado akalala usingizi. Hebu fikiria timu ya soka inayofungwa mara 60! Kwa hiyo Aprili, yenye mechi ishirini na kitu, ni kipande kidogo tu cha safari, kama basi la Mwanza ambalo ndiyo kwanza limetoka stendi. Abiria mwenye akili hasemi kitu mapema hivyo. Lakini shabiki ana akili gani? Anasema.

Tuanze na upande wa furaha. Mwaka 1987 Milwaukee Brewers walifungua msimu kwa kushinda mechi 13 mfululizo. Ushindi wa tisa waliupata Baltimore kwenyewe, tarehe 15 Aprili, siku ambayo mrushaji wao Juan Nieves aliwamaliza Orioles mechi nzima bila mpigaji hata mmoja kupata pigo safi. Milwaukee ikachanganyikiwa. Brewers walifika ushindi 20 kwa vipigo 3. Halafu ukaja mwezi wa Mei, na jamaa haohao wakapoteza mechi 12 mfululizo. Mwishoni walikuwa na ushindi 91 na vipigo 71, nafasi ya tatu katika kundi lao, ubingwa wakausikia redioni kama watu wengine.

Sasa fanya hesabu ya mtaani. Toa zile mechi 13 za mwanzo. Kinachobaki ni ushindi 78 na vipigo 71. Hiyo ni timu ya kawaida kabisa. Atlanta Braves nao walianza na ushindi 13 mwaka 1982. Baada ya hapo walishinda 76 na kufungwa 73. Waliongoza kundi lao, ndiyo, lakini kwa kuponea chupuchupu, na kwenye mchujo St. Louis Cardinals wakawachapa mechi tatu bila majibu.

Ni kweli wapo ambao asubuhi yao haikudanganya. Detroit Tigers mwaka 1984 walishinda 35 katika mechi 40 za kwanza, na mwezi wa Oktoba wakawa mabingwa. Lakini hata wao, baada ya mwanzo ule, walishinda 69 na kufungwa 53. Walikuwa wazuri, ila si wale malaika wa Aprili.

Twende sasa Baltimore.

Jumatatu, tarehe 4 Aprili 1988, watu zaidi ya 52,000 walijaa uwanja wa Memorial kuiona Orioles ikifungua msimu. Wageni ni nani? Brewers walewale. Wageni wakapata mikimbio 12, wenyeji sifuri. Watu wakasema bahati mbaya, kesho ipo. Kesho ikaja na kipigo, keshokutwa hivyohivyo. Baada ya vipigo sita, kocha akafukuzwa.

Hapa mambo yakawa mazito, maana kocha mwenyewe hakuwa mpita njia. Cal Ripken mkubwa alikuwa mtumishi wa klabu hiyo tangu mwaka 1957, zaidi ya miaka thelathini, akifundisha vijana katika timu za madaraja ya chini kabla ya kupewa timu kubwa. Na ndani ya kikosi alikuwa na wanawe wawili, Cal mdogo na Billy, wakilinda bega kwa bega katikati ya uwanja. Mechi sita tu! Vijana wakabaki kuichezea timu iliyomfukuza baba yao. Billy akaacha namba yake, akavaa 7, namba ya mzee. Hakuhitaji kuhutubia.

Aliyepewa mikoba ni Frank Robinson, shujaa wa Orioles ya 1966 iliyotwaa ubingwa, na mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika ligi kuu, huko Cleveland mwaka 1975. Ukitafuta jina la kuogopesha wapinzani, ndilo hilo. Basi Robinson naye akafungwa. Tena. Tena. Kabla ya hapo timu iliyoanza vibaya kuliko zote ilifungwa mara 13. Rekodi hiyo Orioles waliipita kama basi linalopita kituo bila abiria. Robinson alipoteza mechi 15 za kwanza, ukijumlisha na sita za mzee Ripken unapata 21. Mtangazaji mmoja wa redio mjini humo, Bob Rivers, aliapa hatatoka hewani mpaka timu ishinde. Masikini, alikaa studio siku baada ya siku, zaidi ya saa 250.

Nchi nzima ikacheka. Lakini Baltimore kulikuwa na jambo ambalo watu wa mbali hawakuliona, na ndilo linalonifanya niandike.

Mji ule ulikuwa na kidonda. Usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 Machi 1984, timu yao ya mpira wa Kimarekani, Colts, ilipakiwa kwenye malori, kofia, viatu, mafaili, kila kitu, ikahamishiwa Indianapolis. Watu wameamka asubuhi, timu haipo. Huko Marekani timu ni mali ya mtu, na mtu akiona mali yake hailipi, anaihamisha kama anavyohamisha duka. Mwenye Orioles, Edward Bennett Williams, alikuwa wakili maarufu wa Washington, mji ulio mwendo wa saa moja kwa gari, ambao wenyewe haukuwa na timu ya besiboli tangu 1971. Weka mambo hayo pamoja: timu inachekwa, uwanja umezeeka, mwenye mali anatoka mji wa jirani wenye njaa ya timu. Kwa mtu wa Baltimore kila kipigo cha Aprili ile kilisikika kama mlio wa lori linalowashwa.

Ushindi ulikuja Ijumaa, tarehe 29 Aprili, Chicago, kwenye uwanja wa zamani wa White Sox. Eddie Murray aliupiga mpira ukatoka nje mapema kabisa, katika awamu ya kwanza, na warushaji wawili, Mark Williamson na Dave Schmidt, wakawafunga wenyeji mdomo. Tisa kwa sifuri. Rivers akaenda zake kulala. Eti watu wakadhani dhiki imekwisha! Mechi mbili zilizofuata, Orioles wakafungwa zote. Walirudi nyumbani na ushindi 1 na vipigo 23.

Jumatatu, tarehe 2 Mei, usiku. Timu yenye ushindi mmoja inacheza nyumbani. Wewe ungekwenda? Walikwenda watu 50,402.

Idadi hiyo naomba uitazame vizuri. Ile ya siku ya ufunguzi naielewa, watu walikuja na matumaini, na tumaini ni bure. Hawa wa Mei walikuja wakijua kila kitu. Wamesoma magazeti, wamechekwa kazini, wamehesabu vipigo kwa vidole wakaazima vidole vya jirani. Wakaja hivyohivyo. Na usiku huo, mbele yao, ikatangazwa kwamba klabu imekubaliana na serikali ya jimbo: utajengwa uwanja mpya katikati ya mji, na Orioles watabaki Baltimore. Kisha wakashinda, 9 kwa 4. Waliofungwa ni Texas Rangers, na hawa ndio ileile timu iliyohama Washington mwaka 1971. Kama ningeandika riwaya nikaweka jambo hilo, mhariri angelikata kwa kusema nimezidisha.

Sitaki kudai kwamba watu 50,000 ndio waliouzuia msafara wa malori. Mazungumzo ya uwanja yalianza zamani, na mikataba hutiwa saini ofisini, haisainiwi kwenye viti vya mashabiki. Ninachosema ni kwamba siku mji ulipoulizwa kama bado unaitaka timu yake, jibu lilikuwa limekaa pale, kila mtu na tiketi yake mkononi. Williams alikufa Agosti mwaka uleule. Timu haikuhama. Uwanja mpya, Camden Yards, ulifunguliwa tarehe 6 Aprili 1992.

Turudi kwenye methali yetu. Je, Aprili 1988 ilisema kweli? Orioles walimaliza na ushindi 54 na vipigo 107. Toa zile 21 za mwanzo: wanabaki na ushindi 54 na vipigo 86. Timu mbovu, haina ubishi. Hata mwaka uliotangulia walifungwa mara 95. Lakini timu mbovu ni kitu kimoja, na timu isiyojua kushinda kabisa ni kitu kingine. Kwa maoni yangu Aprili ni msimuliaji anayetia chumvi. Haibuni habari, inaikuza. Mwenye nguvu kidogo anaonekana jitu, mgonjwa anaonekana maiti. Ukitaka kujua ukweli, mwache amalize kusimulia.

Na msimulizi huyu hana haya ya kugeuza hadithi. Mwaka 1989, wakiwa na kikosi cha vijana wengi, baada ya kumuuza hata Eddie Murray, Orioles hawahawa walishinda 87 na kufungwa 75. Walifika wikiendi ya mwisho wakiwa bado wanaukimbilia uongozi wa kundi, wakaenda Toronto, wakafungwa mechi mbili kwa mkimbio mmoja mmoja, mambo yakaishia hapo. Robinson akachaguliwa kocha bora wa mwaka katika ligi yake. Na kutoka mwaka ule wa aibu walikuwa wamevuna pia: Julai 1988 walimtoa mrushaji Mike Boddicker kwenda Boston, wakapewa vijana wawili wasiojulikana, Brady Anderson na Curt Schilling. Wafuatiliaji wanajua majina hayo yalikuja kuwa nani.

Mwaka 2024 White Sox, walewale waliotoa ushindi wa kwanza kwa Orioles, walianza na ushindi 3 na vipigo 22, baadaye katikati ya msimu wakafungwa mara 21 mfululizo, sawa na Baltimore. Walimaliza na vipigo 121. Nilipokuwa nikifuatilia matokeo yao nilijiuliza kuhusu wale waliokuwa bado wanaingia uwanjani. Mabingwa husomwa na kila mtu. Wale wa vitini, wanaokuja mechi ya ishirini na mbili, nani anawaandika?

Cal Ripken mdogo alicheza mechi zote 21 za Aprili ile. Baba kafukuzwa, mpira haumkubali, kila siku kipigo, na kila siku jina lake limo kwenye orodha. Tarehe 6 Septemba 1995, Camden Yards, alicheza mechi yake ya 2,131 bila kukosa hata moja, akaivunja rekodi ya Lou Gehrig iliyokuwa imekaa tangu 1939, na uwanja ukasimama ukimpigia makofi zaidi ya dakika ishirini. Watu walikuwa wakiishangilia hesabu ile ndefu. Zile 21 zimo ndani yake, na kila moja imehesabiwa kama mechi nzima.