Tibakemikali: neno la saratani lililoanzia kwenye malale

Ukisema tibakemikali leo, msikilizaji huwaza saratani: dripu, nywele kunyonyoka, safari ya hospitali za Bugando au Ocean Road. Hajakosea, ila maana hiyo ni changa. Paul Ehrlich alipolibuni neno lenyewe Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, alikusudia dawa ya maabara inayoua vijidudu mwilini na kumwacha mgonjwa hai. Miongoni mwa vimelea alivyoanza navyo walikuwamo ndugu wa kimelea cha malale, maradhi ambayo Tabora inayajua kwa karibu.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, eneo la Tabora, kisha ikakata misitu ya miombo yenye ndorobo, wadudu wanaoeneza malale. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kwenda Ujiji kutoka pwani kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe wakafa, mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi. Miaka ya 1920 malale ya binadamu ilisambaa magharibi mwa Tanganyika, na serikali ya Kiingereza ikawahamisha watu kutoka vijiji vya porini hadi makazi ya pamoja.

Je, waliougua walitibiwa kwa dawa gani?

Dawa ya kwanza ilikuwa atoksili, yenye aseniki. Robert Koch aliitumia katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907. Alipoongeza kipimo, wagonjwa 22 walipofuka. Baadaye ikaja suramini, iliyotengenezwa na kampuni ya Bayer mwaka 1916. Mgonjwa huchomwa kwanza sindano ya majaribio ya miligramu 4 hadi 5 kwa kila kilo ya mwili, kisha miligramu 20 kwa kilo mara moja kwa wiki, kwa wiki 5, bila kuzidi gramu 1 kwa sindano. Mkojo hupimwa, kwa kuwa suramini huweza kudhuru figo. Tena haifiki kwenye ubongo, hivyo hufaa katika hatua ya kwanza tu.

Kimelea kikishaingia ubongoni, dawa iliyobaki kwa miongo mingi ilikuwa melasoproli, iliyoletwa na Ernst Friedheim mwaka 1949. Nayo ina aseniki. Huua kimelea, lakini baadhi ya wagonjwa huvimba ubongo: hupata degedege, hupoteza fahamu, na wengine hufa kwa dawa yenyewe. Kwa ratiba ya zamani sindano zilitolewa kwa mafungu, na siku za kupumzika katikati. Kituo cha afya cha Kaliua, mkoani Tabora, pamoja na hospitali ya Lwala nchini Uganda, vilijaribu ratiba fupi ya miligramu 2.2 kwa kilo kwa siku 10 mfululizo. Hatari ya ubongo haikuondoka, ila muda wa kulazwa ulishuka kutoka siku 29 hadi 13. Kwa mkulima aliyeacha shamba la tumbaku, wiki mbili si kitu kidogo.

Saratani ililichukua neno hili miaka ya 1940, dawa zilizotokana na gesi ya haradali zilipoonekana kupunguza uvimbe wa tezi. Mantiki haikubadilika: sumu iliyopimwa, inayomwumiza adui zaidi ya mwenye mwili. Ndiyo maana tibakemikali, au tiba kemia kama wengine waandikavyo, ni tafsiri bora kuliko kemotherapi. Mgonjwa anaisikia tiba na anaisikia kemikali, na ana sababu ya kuuliza kuhusu kipimo na madhara. Kosa ni kuifanya kisawe cha dawa za saratani. Panapohitajika kubainisha, iandikwe tibakemikali ya saratani, na ile ya malale ibaki na haki yake.

Haki hiyo si ya historia tu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiweka feksinidazoli katika mwongozo wa kutibu malale ya Afrika Mashariki. Ni vidonge, havina aseniki. Mwenye kilo 35 au zaidi humeza miligramu 1,800 kila siku kwa siku 4, kisha 1,200 kwa siku 6. Huweza kuleta kichefuchefu, kutapika, kuumwa kichwa na kukosa usingizi. Humezwa baada ya kula, kwa sababu tumbo likiwa tupu mwili huifyonza kidogo mno isitoshe kuponya.