Mkanda wa Mholanzi ndani ya Dualis

Nenda Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, uulizie gia boksi ya Nissan Dualis au ya X-Trail ya toleo la pili. Kabla hajataja bei, muuzaji anayejua kazi yake atakuuliza: ile ya kwanza uliiwekea oili gani? Wengi hujibu kwa aibu. Swali lake lina historia ndefu, na chanzo chake ni Uholanzi, wala si Japani.

Mwaka 1958, kwenye maonyesho ya magari mjini Amsterdam, kampuni ya DAF ilitoa kigari chenye injini ya silinda mbili ambacho dereva wake hakuwa na gia ya kubadilisha. Hub van Doorne, mwasisi wa kampuni, alikuwa ameweka puli zinazotanuka na kubana, zikiunganishwa na mikanda ya mpira. Puli ya mbele ikibana, ya nyuma hutanuka, na mwendo hubadilika polepole bila kuruka ngazi. Kwa kuwa mpangilio huo haukujali mbele wala nyuma, gari liliweza kurudi kinyumenyume kwa kasi ileile ya kwenda mbele. Waholanzi hawakuiacha fursa hiyo ipite: wakaandaa mashindano ya kukimbiza magari kinyumenyume.

Mpira, hata hivyo, hauwezi kubeba injini kubwa. Van Doorne akahamia kwenye chuma: mamia ya vipande vyembamba vilivyotungwa kama shanga kwenye tepe za chuma, mkanda unaosukuma badala ya kuvuta. Kufikia 1987 mkanda huo ulikuwa ndani ya Subaru Justy, Fiat Uno na Ford Fiesta, vigari vyepesi vyote. Nissan waliuweka kwenye March mwaka 1992, wakaupandisha kwenye injini ya lita 2 mwaka 1997, na mwishoni mwa 2002 wakaufunga kwenye Murano ya lita 3.5. Ndani ya miaka kumi, kitu kilichobuniwa kwa ajili ya kigari cha sokoni kilikuwa kinavuta gari la karibu tani mbili. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, habari ya gharama inapoanza.

Mwaka 2007 likaja gari lililowapendeza watu wa kipato cha kati: umbo la jeep, mifupa ya gari la saluni. Ulaya liliitwa Qashqai, jina la jamii ya wafugaji wanaohamahama wa Iran, na lilitengenezwa Sunderland, Uingereza. Japani liliitwa Dualis. Mwaka huohuo ikatoka X-Trail ya toleo la pili. Magari haya mawili, yale ya Japani yenye injini ya lita 2, yalitumia gia boksi ya mkanda kutoka Jatco, kampuni tanzu ya Nissan. Wenzao wengi walichukua gia boksi ya ukoo huohuo: Mitsubishi Outlander, Jeep Compass, Renault Koleos. Kwa hiyo anayeinyooshea kidole nembo moja tu hajafungua boneti za kutosha.

Ubovu wake una mantiki. Puli hushika mkanda kwa presha ya oili. Oili ikichoka kwa joto, au vali ya pampu ikikwama, presha hushuka na mkanda huteleza. Chuma kinachoteleza juu ya chuma huchubuka, na chenga zake huzunguka na oili zikila beringi na kuziba vali, presha ikazidi kushuka. Dereva husikia mvumo unaopanda na kasi, kisha mtetemo akiondoka kwenye mataa. Mwishowe, kwenye mlima na jua kali, gari hujizuia lenyewe: injini inanguruma, mwendo haupatikani. Likipoa, linarudi kuwa zima. Ndiyo maana mwenye gari hujipa moyo kwa miezi mingi, na miezi hiyo ndiyo inayoua gia boksi.

Halafu kuna oili yenyewe. Gia boksi hizi zinataka ile iliyoandikwa NS-2. Kwa mafundi waliolelewa na Corolla na Mark II, oili ya gia boksi ni haidroliki ile nyekundu, basi. Ukiimimina humu, mkanda unapoteza mshiko. Gari ambalo lingeweza kwenda miaka mingine mingi likaharibika kwa chupa chache za oili ya bei nafuu, na lawama ikaangukia kiwanda.

Kiwanda nacho hakikuwa malaika. Nchini Marekani, Nissan iliongeza maradufu dhamana ya gia boksi hizi kwa magari ya modeli za 2003 hadi 2010: kutoka miaka 5 au maili 60,000, hadi miaka 10 au maili 120,000, sawa na kilomita 193,000 hivi. Kampuni haiongezi dhamana kwa ukarimu.

Dhamana hiyo haikupanda meli kuja kwetu; magari yenyewe yalipanda. Japani, gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama ya ukaguzi huwafanya wengi waliuze. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Dualis za mwanzo zilishuka Mombasa zikiwa bado na sura ya usichana. Tanzania haina katazo kama hilo, ila hutoza ushuru wa ziada kwa uzee. Tena mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita ya mafuta. Gari linalosifiwa kwa kunywa kidogo likapata sifa nyingine mdomoni mwa dalali.

Hivyo anayenunua Dar au Nairobi hulipia gari na ushuru, kisha huachiwa deni la matunzo ya mtu asiyemjua. Gia boksi ya mtumba atakayoiagiza, mara nyingi kupitia Sharjah, nayo imetoka kwenye gari la umri uleule.

Sisemi usinunue. Zipo nyingi zinazokimbia vizuri, za watu waliobadilisha oili sahihi kwa wakati. Lakini ukienda yadi, nenda na fundi anayezijua, liendeshe nusu saa mpaka lipate moto, kisha lipandishe mlima. Dalali akikataa, mrudishie ufunguo.