Uganda: Stabilaiza ya gari, kazi ya nyumbani na kazi ya gereji

Magari mengi yanayoendeshwa nchini Uganda huingia yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani. Tangu mwaka 2018 sheria inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini hata gari la miaka kumi huwa limekwisha kuchosha raba zake, na mashimo ya barabara za Kampala humalizia kilichosalia. Miongoni mwa sehemu zinazolalamika mapema ni stabilaiza.

Stabilaiza ni fito ya chuma cha springi inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gari likiingia kwenye kona, upande wa nje huzama na wa ndani huinuka. Fito hiyo husokoteka na kuupinga mlalo huo. Mkanada Stephen Coleman alipewa hataza ya kifaa cha aina hii mwaka 1919. Fito yenyewe huharibika kwa nadra. Kinachochakaa ni linki mbili za pembeni, pamoja na bushi za raba zinazoishikilia chini ya gari. Dalili yake ni mlio wa kugonga gari linapopita polepole juu ya vijishimo.

Kubadilisha linki ni kazi anayoiweza mwenye gari mwangalifu, na hatari yake kubwa haimo katika linki bali katika kile kinacholibeba gari. Jeki ni ya kuinulia tu. Uzito lazima ukalie stendi za chuma, juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, magurudumu ya nyuma yakiwa yamewekewa kabari. Desturi ya kutegemeza gari kwa matofali haina utetezi: tofali hupasuka bila kutoa onyo, na aliye chini hapati nafasi ya kutoka.

Magurudumu yote mawili ya mbele huinuliwa kwa kimo kimoja. Likiinuliwa moja peke yake, fito hubaki imesokotwa, na bolti ikitoka huweza kuruka kwa nguvu na kumjeruhi mtu mkono. Nati zenye kutu hulowekwa mafuta ya kulegeza tangu usiku. Nati ikizunguka pamoja na msumari wake, msumari hushikwa kwa spana ndogo ya pembe sita huku nati ikifunguliwa. Linki hununuliwa jozi.

Bushi huhitaji uangalifu zaidi dukani, kwa kuwa tundu lake sharti lilingane na unene wa fito. Grisi ya kawaida huvimbisha raba. Linki zenye bushi za raba hukazwa kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba hujipinda na kukatika mapema.

Kuitoa fito nzima ni jambo jingine. Katika magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, haitoki bila kushusha fremu inayobeba injini na usukani, na hiyo ni kazi ya gereji. Wanaotamani fito nene zaidi wajue kwamba kutoka milimita 20 hadi 22 ukakamavu huongezeka kwa takriban asilimia 46. Ikifungwa nyuma pekee, mkia wa gari huwa mwepesi kuteleza kwenye kona zenye tope.

Baada ya siku chache za kuendesha, nati zote hukaguliwa tena.